Adui Mwenye Kikombe cha Pembe

Enzi za rashi ya dhahabu, pale Matongo, mtu angeweza kukosa unga nyumbani kwake lakini hakosi maoni kuhusu adui. Adui aonekane mapema. Adui asiongee sana. Adui aue kwa mkono wake, asitume watu, maana anayetuma watu ni mwenyekiti wa kitongoji, siyo adui wa picha. Na akifa, afe taratibu, watu washibe. Sheria hizo nilizisikia mwaka mzima na nusu, mchana kwa mchana, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kuwasemea hao maadui.

Nilikuwa mtafsiri wa picha kwenye banda umiza. Banda lenyewe lilikuwa la mabati na turubai, mabenchi ya mirunda, jenereta nyuma linaunguruma, na televisheni moja iliyofungiwa ndani ya boksi la chuma isije ikaibwa. Watu walikuja wakitoka zamu kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, wana matope mpaka kwenye nyusi. Mimi nilikaa pembeni ya televisheni na maiki, msichana wa miaka ishirini, naweka Kiswahili juu ya Kiingereza. Msichana peke yangu mle ndani, na wanaume themanini wametulia wananisikiliza. Sijawahi kusikilizwa hivyo tena maishani, na sitadanganya kwamba sikupenda.

Kiingereza nilikipata Isebania, ng'ambo ya mpaka, kwa ndugu zetu wa huko. Aliyenipeleka alikuwa Bibi.

Sasa huyu Bibi hakumzaa mama yangu, wala hakumzaa baba yangu. Alikuwa mjane ambaye hakujaliwa mtoto, na kwa mila zetu Wakurya mwanamke wa namna hiyo anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, huyo msichana akazaa watoto wa nyumba ile. Tunaita nyumba ntobhu. Msichana aliyeolewa alikuwa mama yangu. Bibi alitaka mvulana wa kushika boma, nikaja mimi. Mama alichoka mapema. Nilikuwa bado naota meno ya pili alipovuka mpaka wa Sirari na mwanaume, na hakugeuka nyuma. Bibi akabaki na mimi. Wenzake wakamshauri anilee haraka haraka aniozeshe, zizi lake lijae. Yeye akauza ng'ombe wawili wa maana aliobaki nao, akanipeleka shule. Kijiji kizima kikasema kikongwe kimerukwa na akili.

Alikuwa mtu wa polepole, na polepole yake hiyo ilinitia hasira tangu mdogo. Mguu mmoja ulikuwa mbovu. Kabla hajasema kitu anakohoa mara mbili, khm, khm, halafu anatafuta neno, halafu analiacha hilo anatafuta lingine. Ukimwambia aharakishe anakujibu, "Mimi sina haraka." Ukimwambia mvua hiyo inakuja, ingiza nafaka, "Mimi sina haraka." Alikuwa anauza uji kwenye njia panda ya kwenda kwenye maduara, na wachimbaji wenye zamu walikuwa wanapiga miguu chini kama watoto wanaotaka kwenda chooni, wakimsubiri.

Maana hakuuza uji tu hivi hivi. Alikuwa anaonja kwanza. Hiyo ni desturi ya kwetu, siyo ya kwake: anayekukaribisha kinywaji anaanza yeye, anakunywa funda moja mbele ya macho yako, ndipo anakupa, ujue humo ndani hakuna kitu kibaya. Siku hizi wengi wameacha, na kwa uji wa kuuza hakuna anayefanya. Bibi alifanya kwa kila kikombe. Na mimi mjukuu wake, kila asubuhi ya Mungu, alikuwa anakunywa funda kwenye kikombe changu, anafuta ukingo kwa kiganja, ananipa. Nilivyokua nikawa naona kinyaa. Nilikuwa nageuza kikombe ninywe upande wa pili, na yeye aliona.

Sizoni ninayotaka kuisimulia, picha ndefu ya episodi nyingi, ililetwa na mwenye banda. Alikuwa anakaa Tarime mjini, Nkende, na kila Jumatatu alikuja na mfuko wa sidii. Siku hiyo akashuka kwenye pikipiki anacheka peke yake. "Dada, leo nimeleta kitu. Hii itatulisha mpaka Krismasi."

Ilikuwa habari ya ufalme mmoja uliokaukiwa mito yote. Kuna mfalme ambaye bado ni mtoto, mgonjwa mgonjwa. Kuna steringi, shujaa wa picha, mwanajeshi mwenye nywele nyekundu, anayetafuta chemchemi ya mwisho. Kuna ndege wakubwa kuliko nyumba wanaotema moshi. Na kuna adui, jemadari mwenye uso wa chuma, ambaye kwenye episodi ya kwanza tu alimtupa baba wa mfalme kwenye kisima kikavu. Banda zima lilisimama kumpigia makofi. "Huyo ndiyo adui! Hana maneno!"

Tatizo lilikuwa kikongwe. Kando ya mfalme mtoto alikuwepo mama mmoja mzee mwenye joho la kijivu, kazi yake kumnywesha mtoto dawa kwenye kikombe cha pembe. Kila baada ya vita, chumbani. Mama huyu anaingia pole pole, anakaa, anakunywa kidogo kwenye kikombe, anampa mtoto, halafu anaanza kuongea. Jamani, kuongea! Dakika kumi nzima, Kiingereza cha zamani kizito ambacho Isebania hawakunifundisha, na hakuna hata upanga mmoja ukutani.

"Picha imepoa!"

"Mura, peleka mbele!"

"Huyu bibi ni nani kwenye hii picha? Mzuri au mbaya? Kama mbaya, mbona haui? Kama mzuri, mbona mtoto haponi?"

Aliyeuliza hivyo alikuwa jamaa wa benchi la mbele, mchimbaji mwenye maoni kuliko wote. Duara lake lilishawahi kutema, dhahabu ikaonekana kweli, na tangu siku hiyo akawa anaongea kama mtu anayeandikwa. Alikuwa na kofia ya ngozi na meno mazuri. Alisema kwenye sizoni nzuri hakuna mtu anayepewa muda bure. Kikongwe akipewa dakika kumi, basi ni adui, tena mkubwa kuliko wa chuma, anamlisha mtoto sumu kidogo kidogo. Na kwa nini anakunywa yeye kwanza? "Anapima makali," akasema. Watu wakatikisa vichwa. Wanaume themanini, wote wamezaliwa kwenye nyumba ambazo mama zao wanaonja kabla ya kukaribisha, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka. Mimi pia sikukumbuka, na asubuhi ile ile nilikuwa nimegeuza kikombe.

Mwenye banda akaniambia vita vikiisha nisiwaachie watu nafasi ya kupiga miayo, nitie maneno yangu. Yeye petroli ya jenereta ilimuuma. Alikuwa akikata nusu ya kila mazungumzo kwa rimoti, na nusu iliyobaki nikaijaza mimi. Nikawa namsemesha kikongwe habari za kijijini: nani kakimbiwa na mke, nani kalewa kaanguka kwenye mtaro wa kuoshea mawe. Watu wakacheka. Lakini alikuwa bado hana sauti yake.

Sauti nilimpa mwenyewe. Sitamsukumia mtu.

Yule jamaa wa benchi la mbele alinitaka. Tulikuwa tunaongea pembeni ya banda, ananiletea soda, ananiambia sauti yangu ingefaa redioni. Akatuma wazee wawili nyumbani. Bibi akawapokea vizuri, akawawekea viti, akawapikia uji wa ulezi, akaonja mbele yao kikombe kimoja kimoja. Wakasema shida yao. Bibi akakohoa mara mbili.

"Mjukuu wangu bado anasoma," akasema.

"Mama, si amemaliza miaka miwili sasa? Yupo bandani anatafsiri picha."

"Ataenda chuo cha ualimu. Nikimpata wa kumsindikiza. Mimi sina haraka."

Nilikuwa jikoni nasikia. Wee! Nilitamani kutoka na mwiko. Niliona wazi kabisa kwamba mwanamke huyu alimnunua mama yangu, na sasa anataka nibaki namchotea maji mpaka nizeeke naye. Chuo gani? Kwa ng'ombe gani? Wazee walipoondoka nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Yeye aliokota vikombe, akavisuuza, akavipanga.

Kesho yake mchana, vita vikaisha, kikongwe wa joho la kijivu akaingia chumbani kwa mfalme. Pole pole. Akakaa. Nikasogeza maiki mdomoni.

"Khm, khm," nikakohoa. "Mtoto wangu... mimi... hili neno... hapana, siyo hilo. Ngoja. Mimi sina haraka."

Hapo hapo banda likapasuka. Watu walicheka mpaka benchi la nyuma likavunjika, mmoja akatoka nje kutapika kwa kicheko. Kila aliyekuwepo alishasubiri uji pale njia panda. Jamaa wa mbele alinitazama akacheka na meno yake yote, akanionyesha kidole gumba, na mimi nikasikia joto zuri kifuani. Acha niseme ilivyokuwa: nilisikia raha.

Tangu siku hiyo hakuna aliyetaka kupeleka mbele. Zile zile dakika kumi zilizokuwa zinawakera zikawa ndizo wanazozijia. Vita vikichelewa kuisha wanapiga kelele, "Mleteni bibi!" Akitokea, wanakohoa wote kwa pamoja. Akinyanyua kikombe wanasema kwa sauti moja, "Napima makali!" Na mimi kila siku naongeza. Nilimpa mguu mbovu kwa maneno, kwa sababu kwenye picha hakuwa nao. Nilimfanya asimulie alivyonunua msichana kwa ng'ombe akamtoroka. Hiyo ilikuwa siri ya nyumba yetu na aibu yake kubwa, na niliitoa kwa sababu Alhamisi hiyo watu walikuwa wachache na nilitaka Ijumaa wajae. Wakajaa.

Yale maneno ya kikongwe mwenyewe, ya Kiingereza, yaliendelea kutoka chini ya sauti yangu, na sikuwahi kuyasikiliza.

Mambo yakatoka bandani yakaingia njiani. Watoto wakimwona Bibi wanakohoa. Yeye alidhani kuna mafua, akawa anawaambia wanywe maji ya limau. Wachimbaji wakija kwa uji wanamwambia, "Bibi, sisi hatuna haraka," wanacheka mpaka wanashikana mabega, na yeye anacheka nao, amefurahi kwamba siku hizi vijana wamekuwa wachangamfu. Jioni moja akaniambia, "Wananipenda kule njia panda." Nikasema ndiyo.

Halafu maji yakaingia kwenye duara la yule jamaa. Usiniulize kwa nini maji yanaingia kwenye shimo; mvua zilikuwa zimenyesha wiki tatu. Lakini mwenye duara hataki kusikia habari ya mvua. Walikuwa wameshakaribia mwamba, kila mtu alishasema litatema, na asubuhi wakakuta bwawa. Akaanza kuuliza maswali kwenye vijiwe: ni nani alikuwa anakaa kwenye njia yetu kila alfajiri? Ni nani anayeweka mdomo wake kwenye kikombe kabla yako? Mwanzoni aliuliza kama utani, kwa sauti ile ile niliyomfundisha mimi. Watu wakacheka, halafu wengine wakaacha kucheka.

Nilisikia. Niliona hayo ni maneno ya mtu aliyepoteza duara, yatapita.

Tukafika episodi za mwisho. Mwenye banda alitangaza wiki nzima kwa spika. Jumapili ile, baada ya ibada, Bibi akanishika mkono nje ya kanisa. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka.

"Leo nataka kuja kukusikiliza."

"Kule ni kwa wanaume, Bibi. Kuna joto."

"Mchungaji mwenyewe ameniambia unasema vizuri. Nilikusomesha, sijawahi hata kusikia hicho Kiingereza." Akakohoa. "Nitakaa pembeni."

Hawakumwacha akae pembeni. Alipoinama mlangoni banda zima likaanza kunong'ona kwa furaha, na yule jamaa wa mbele akainuka mwenyewe akampisha. "Shikamoo Bibi. Kaa hapa, uone vizuri." Akamkalisha katikati ya benchi la mbele, hatua mbili kutoka kwangu. Bibi akakunja mikono mapajani, akanitazama usoni, siyo kwenye televisheni. Tabasamu lake nalijua: ndilo alilokuwa nalo siku nilipomletea cheti.

Ningeweza kubadili sauti. Nililijua hilo wakati ule, siyo sasa tu. Ningemsemea kikongwe kwa sauti yoyote nyingine, watu wangenung'unika kidogo, picha ingeisha. Niliwatazama. Wanaume mia na zaidi, wamebanana mpaka mlangoni, wanasubiri.

Vita vikaisha. Kikongwe akaingia chumbani kwa mfalme na kikombe cha pembe.

"Khm, khm," nikasema.

Kicheko kilitikisa mabati. Wengine hawakutazama picha kabisa, walimtazama Bibi. Mwanzoni aligeuka kuangalia nani amekohoa. Akacheka kidogo pia, kwa adabu. Nikaendelea: neno hili, hapana, lile, mguu wangu, ng'ombe wangu, yule msichana niliyemnunua. Nikaona tabasamu linabaki usoni kwake baada ya macho kuacha kutabasamu. "Mimi sina haraka!" likaitikia banda zima, na Bibi akashusha macho akayaweka kwenye televisheni, na hakuyatoa tena hapo mpaka mwisho.

Kwenye picha, mama yule akanyanyua kikombe, akanywa kidogo, kama siku zote. Mtoto akanyoosha mkono apokee. Mama hakumpa. Alisimama, akakisogeza kikombe mbali, akakigonga ukutani kikamwagika. Akashika koo. Na pale chini, akiwa anakufa, akasema kitu kifupi kabisa, Kiingereza cha darasa la tano, polepole: Usinywe, mwanangu. Hata hii wameitia sumu.

Nilielewa. Hilo ndilo nataka lijulikane. Mengine yote yaliyotangulia naweza kusema lugha ilinishinda, lakini hapo nilielewa kila neno, na vipande vyote vya huko nyuma vikajipanga vyenyewe kwa vyenyewe kichwani. Alikuwa anaonja. Miezi yote ile alikuwa anaonja kwa niaba ya mtoto, na yale mazungumzo marefu tuliyoyakata kwa rimoti alikuwa anamfundisha namna ya kuishi yeye akishaondoka.

"Anasemaje? Anasemaje?" watu wakapiga kelele.

"Anasema," nikasema kwenye maiki, "nimejinywesha dawa yangu mwenyewe."

Wakashangilia. Walirusha kofia. Adui amekufa, na amekufa taratibu.

Lakini picha haikuishia hapo. Mfalme mtoto akamlalia kifuani analia. Steringi mwenye nywele nyekundu akaingia na upanga, akamwona, akapiga magoti, naye akalia. Shangwe zikapungua.

"Mbona steringi analia?" Huyo jamaa wa mbele. Amesimama, amenikazia macho. "Dada, mbona anamlilia adui? Umetudanganya hii picha?"

Hapo palikuwa na nafasi moja tu, na ilikuwa ndogo. Kama ningesema kweli, ningekuwa nimewadanganya wanaume wote wale tangu episodi ya kwanza, nao si watu wa kudanganywa wakanyamaza. Wangecheka, ila safari hii wangenicheka mimi. Nikashika maiki kwa mikono miwili.

"Amewaroga," nikasema. "Mchawi huyu hata akifa, dawa yake inafanya kazi. Amewaroga wote wawili."

Aah, kumbe! Ikawaingia. Kila kitu kikaeleweka: mtoto asiyepona, steringi anayelia, maji kwenye duara. Jamaa akakaa chini pole pole. Halafu akasogea. Kwenye benchi lililobana vile, watu wakaanza kusogea mmoja mmoja, mpaka Bibi akabaki amekaa peke yake katikati na kitenge chake, nafasi ya watu wawili kila upande.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Nilitembea mbele. Nyuma nilikuwa namsikia anaburuta mguu. Tulipofika kwenye mwembe wa jirani, ambao ulikuwa umekatwa kuchomea matofali na kubaki kisiki, akaomba tupumzike. Akakaa juu ya kisiki.

"Yule mama hakuwa mbaya," akasema.

"Yupi?"

"Wa kwenye picha. Mimi Kiingereza sijui. Lakini nilimwona, alikuwa anaonja kwanza." Akapumua. "Mtu mbaya haonji."

Nilitakiwa niseme kitu. Nikamwambia giza linaingia, twende.

Jumatatu hakuna mtu aliyenunua uji. Alipoonja kikombe cha kwanza, kijana aliyekuwa anasubiri alikiacha mkononi mwa Bibi akaondoka. Jumanne alipika kidogo, akarudi nao wote. Jumatano yule jamaa alikuja na wenzake, akaipiga sufuria teke. Uji ulimchoma Bibi kwenye ule mguu mbovu. Watoto waliokuwepo wakaimba: mimi sina haraka, mimi sina haraka. Mimi nilikuwa bandani naweka sidii mpya, nikasikia wimbo kwa mbali, na nikajua ni wa nani.

Wiki haikuisha mawe yakaanza kutua kwenye bati letu. Mtoto wa kaka yake Bibi akaja kutoka Kenyamonta, Serengeti, huko ambako watu wanalima na kuchunga na hawana habari na maduara. Akampakia kwenye bodaboda, kati yake na dereva, na godoro limefungwa nyuma. Bibi hakuniuliza kama nakuja. Alinipa bahasha. Ndani mlikuwa na barua ya kunitambulisha kwenye chuo cha ualimu, imeandikwa na mchungaji, tarehe yake ilikuwa ya kabla wale wazee wawili hawajaja.

Yule jamaa alifuata rashi nyingine, mkoa mwingine, bila kuniaga. Banda lilifungwa mwaka uliofuata. Chuo nilikwenda, nikamaliza. Mimi ni mwalimu, nafundisha Kiingereza, acheke mwenye kucheka. Bado nakutana na watu wazima huko Nyamongo, upande wa Matongo, wananiambia ile ilikuwa sizoni kali kuliko zote, na adui wake kikongwe hajapata kutokea wa kumfikia. Wananiomba nikohoe kidogo, wakumbuke.

Kenyamonta nilikwenda mara moja, nikiwa likizo ya mwisho chuoni. Nilibeba sukari, sabuni, na khanga mpya. Nilimkuta uani kwa kaka yake anapepeta ulezi, amepungua sana, kovu la mguu limekuwa jeupe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Karibu kiti."

Njiani kote nilikuwa nimepanga maneno. Ningeanza na lile nililoelewa siku ile kwenye picha, nimwambie kwamba alikuwa sahihi, kwamba yule mama alikuwa anaonja. Sikuanza. Nilimuuliza mvua, akanijibu. Nilimuuliza mguu, akanijibu. Hakukohoa wala hakutafuta neno; alinijibu upesi upesi, kama unavyomjibu karani.

Akaingia jikoni akatoka na uji kwenye kikombe. Nikapokea kwa mikono miwili, nikaangalia ukingo wake. Ulikuwa mkavu pande zote. Nikasubiri, nikidhani amesahau kuonja, nikakirudisha kidogo mbele yake.

Bibi akaketi, akavuta ungo wa ulezi mapajani, akaendelea kupepeta.

"Kunywa," akasema. "Utapoa."